Jiwe Lako ni Lipi? Mwongozo wa Kukaa na Wanajiolojia wa Alexandria

Ukiishi Alexandria, Virginia, haitachukua muda kabla hujamwona mtu mzima mwenye viatu vizito na suruali ya mifuko mingi, amepiga magoti kando ya King Street, akichungulia jiwe la ukingo wa barabara kwa kioo kidogo kinachoning'inia shingoni mwake. Hajaangusha ufunguo, wala haumwi. Huyo ni mwanajiolojia, na katika jiwe hilo ameona kitu. Msalimie. Mwongozo huu ni wa yale yanayofuata baada ya salamu, kwa sababu kati ya watu wote wanaoweza kumtembeza mgeni katika mji huu, sijamwona anayemshinda mtu wa mawe kwa ukarimu, kwa furaha na kwa vituko.

Watu hawa hapa si haba, na kuna sababu. Taasisi ya Sayansi za Dunia ya Marekani, shirikisho la vyama vya wanajiolojia lililoundwa mwaka 1948, ilikuwa na makao yake kwa miongo mingi papa hapa King Street, na ndiyo iliyoanzisha Juma la Sayansi za Dunia linaloadhimishwa kila Oktoba tangu 1998. Idara ya serikali ya utafiti wa jiolojia, iliyozaliwa mwaka 1879, iko Reston, si mbali kwa gari. Ng'ambo ya mto Potomac yako majumba ya makumbusho ya Smithsonian. Kisha kuna Chama cha Jiolojia cha Washington, cha tangu 1893. Chama hiki hutoa tuzo ya mhadhara bora wa mwaka, na pamoja nayo hutoa tuzo ya mzaha bora wa mwaka, iitwayo Dubu Aliyelala. Wanasayansi walioona kwamba kuchekeshana juu ya mawe ni kazi ya kutunukiwa wanastahili kufahamiwa kwa karibu.

Ukishamsalimia, usimuulize anafanya kazi wapi. Muulize jiwe analolipenda kuliko yote. Kwanza atakataa kuchagua. Atasema inategemea, atasema yote ni mazuri, atauliza kama unamaanisha mwamba au madini, maana kwake hivyo ni vitu viwili: madini ni kitu kimoja chenye umbo na kemia yake, mwamba ni mkusanyiko wa madini. Usichoke. Kaa kimya, mwangalie. Baada ya muda atalitaja, na hapo uso wake utabadilika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na jibu atakalotoa litakuambia utakuwa na rafiki wa namna gani.

Anayependa graniti ni mtu wa subira na wa ubishi. Mwamba huu hutokana na uji wa moto uliopoa polepole sana chini ya ardhi, hata chembe zake zikakua za kuonekana kwa macho: kwatzi ya kijivu inayong'aa, feldispa nyeupe au ya pinki, ulanga mweusi unaometameta. Ubishi wake unatoka kwenye majina. Kuna jedwali la kimataifa linalopima uwiano wa madini hayo, na mwamba ukipungukiwa feldispa ya aina fulani unapoteza haki ya kuitwa graniti. Kwa hiyo usiende naye dukani kununua jiwe la kaunta ya jikoni. Duka litaandika graniti nyeusi, naye ataanza kumweleza muuzaji kwamba hiyo ni gabro, mwamba wa ukoo mwingine kabisa, na nyinyi mtasimama pale mpaka duka lifungwe. Muuzaji naye, mara nyingi, huishia kutoa mawe mengine ya stoo na kuuliza, na hili je?

Mpenzi wa volkano utamjua kwa viatu vyake, kwa sababu soli zimeyeyuka mahali. Huyu ukimwambia umetoka Tanzania atakushika mkono asikuachie. Ol Doinyo Lengai, kule karibu na ziwa Natron, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida ya basalti, hutoka nyeusi, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe. Kuna watu waliosoma mlima huo chuo kizima na hawajawahi kuuona. Wewe labda umepita chini yake ndani ya basi ukiwa umelala. Usimfiche habari hiyo, lakini mwambie taratibu.

Wa miamba ya mashapo, yaani ile iliyojengwa na mchanga, tope na masalia ya viumbe, ni mtu wa hadithi ndefu. Kila tabaka kwake ni siku, msimu au mafuriko, na hawezi kurukia mwisho. Ana tabia moja itakayokushtua mkiwa porini: ataokota udongo, atautia mdomoni, ataukwangua kwa meno ya mbele, halafu atatema na kutoa hukumu. Huo ni upimaji halisi. Udongo mfinyanzi ni laini mno, meno hayahisi kitu. Ukiwa na chembe za ukubwa unaoufuata, meno yatakwaruza. Jicho haliwezi kutofautisha, jino linaweza.

Anayependa miamba geu, ile iliyopikwa na kubanwa hata ikasahau ilikuwa nini mwanzo, ndiye mwenye huruma kuliko wote. Anapenda kitu kilichoteseka kikatoka na ganeti. Na wa vimondo huenda na sumaku mfukoni, maana vimondo vingi vina chuma. Muulize kama amesikia Kimondo cha Mbozi, kule Songwe, kipande cha chuma chenye uzito wa tani 16 hivi kilichotoka angani, nawe utakuwa umepata mgeni wa kulala kwako.

Sasa vaa viatu vya kutembelea, muanzie mkiani mwa mji.

Jones Point iko mwisho wa kusini wa Alexandria, chini ya daraja kubwa, penye mnara mdogo wa taa uliojengwa katika miaka ya 1850. Hapo, tarehe 15 Aprili 1791, liliwekwa jiwe la kwanza la mpaka wa mji mkuu mpya wa Marekani. Mji huo ulipimwa kuwa mraba wa maili 10 kila upande, na mawe 40 yakasimikwa kuuzunguka, maili moja moja, katika mwaka huo na uliofuata. Kazi iliongozwa na Andrew Ellicott. Aliyekuwa akisoma nyota usiku ili kupata mahali hasa pa kuanzia alikuwa Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland, mwenye umri wa karibu miaka 60, aliyejifundisha mwenyewe hesabu na falaki. Alexandria ilirudishwa Virginia mwaka 1847, kwa hiyo mawe ya upande huu leo ni mpaka wa kitu kisichokuwapo. Mengi bado yamesimama. Jingine liko Wilkes Street, na mengine mbele zaidi karibu na King Street, ndani ya vizimba vya chuma ambavyo kinamama wa chama cha wazao wa wapigania uhuru walianza kuvijenga mwaka 1915.

Mwanajiolojia hatakuruhusu uyapite mawe haya kwa kusoma maandishi tu. Atakuambia uiname. Ni mawe mchanga, yamechimbwa Aquia, katika kaunti ya Stafford kusini mwa hapa, na ukitazama kwa kioo utaona punje za mchanga wa mto wa zama za dinosaria, miaka zaidi ya milioni 100 iliyopita, na hapa na pale kokoto nzima iliyonaswa ndani. Ni jiwe laini, fundi hulichonga kwa raha. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji, na maji yakiganda wakati wa baridi hulipasua. Jiwe hilihili ndilo lililojenga kuta za Ikulu ya Marekani. Mwaka 1798 kuta hizo zilipakwa chokaa ili kuziba matundu kabla ya baridi, na weupe wa Ikulu ulianzia hapo. Miongoni mwa waliolikata jiwe hilo machimboni na kulipakia mashuani walikuwa Waafrika waliokuwa watumwa, na ujira wa jasho lao ulilipwa kwa mabwana zao. Mtembezaji mzuri wa mawe husimama hapa na kulisema jambo hilo kwa sauti. Kama hakulisema, liseme wewe.

Kutoka Wilkes Street, teremka hadi mtaa wa Prince, kwenye kipande kinachoitwa Captain's Row. Barabara yake imetandazwa mawe ya mviringo, magari huipanda kwa kutetemeka, na kila mtalii huambiwa hadithi moja au nyingine: kwamba mawe hayo yalikuja kama uzito wa kutulizia merikebu, au kwamba yalitandazwa na mateka wa Kijerumani waliokamatwa wakati wa vita vya uhuru. Mwanajiolojia ataisikiliza hadithi kwa adabu, kisha atakuonyesha mviringo wa mawe yenyewe. Umbo hilo ni kazi ya maji yanayobiringisha, na Potomac una mawe ya sura hiyo bila idadi. Hapo ndipo ubishi wa kweli wa mji huu ulipo, na mimi niko upande wa mto.

Mawe ya mviringo ya Alexandria yanastahili kituo kirefu kuliko vyote. Mji wenyewe hauna mwamba mgumu karibu na uso, isipokuwa magharibi, kwenye bonde la kijito cha Holmes Run na hifadhi ya Dora Kelley. Sehemu kubwa imekalia mchanga na udongo mfinyanzi wa zama za dinosaria, na juu yake kokoto ambazo mto umezishusha kutoka milimani kwa mamilioni ya miaka. Mafundi wa ujenzi huulaani udongo huo kwa sababu hujaa maji, huvimba, huteleza, na ukuta huenda nao. Lakini katika kokoto zilizo juu yake mna mawe ya kwatzaiti, yaani mchanga uliokaangwa ukawa mgumu kuliko kisu, na katika baadhi yake mna vijiti vilivyonyooka sambamba, vyembamba, kutoka upande hadi upande. Vijiti hivyo ni mashimo ya minyoo. Walichimba makazi yao katika mchanga wa ufukwe wa bahari miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, ufukwe ukawa mwamba, mwamba ukawa mlima wa Blue Ridge, mto ukauvunja, na leo jiwe liko kwenye bustani ya mtu likizuia majani yasipeperuke. Ukiliona, mwite mwenzako. Hii ndiyo zawadi bora unayoweza kumpa mwanajiolojia wa hapa: kuliona kabla yake.

Kwatzaiti hiyohiyo ilipendwa na watu wa kwanza wa hapa. Mwaka 2007, waakiolojia wa mji walipokuwa wakifanya kazi kwenye makaburi ya Freedmen, walikolazwa Waafrika waliojikomboa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walipata ncha ya mkuki ya aina ya Clovis, iliyochongwa yapata miaka 13,000 iliyopita. Mchongaji alikuwa Alexandria kabla ya kila mtu tunayemjua, na alikuwa na jiwe analolipenda. Makumbusho ya akiolojia ya mji yako kwenye jengo la Torpedo Factory, ukingoni mwa mto. Nenda, waulize juu ya ncha hiyo, na uwasikilize wanavyoizungumzia.

Kisha panda King Street yote hadi mnara wa Wamasoni wa kumkumbuka George Washington. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1923, ukazinduliwa 1932, na urefu wake ni futi 333, kama mita 101. Umevikwa graniti ya pinki kutoka New Hampshire. Watu hupanda kuona mandhari. Mwanajiolojia hubaki chini na uso wake ukutani. Mpe dakika zake, naye atakuonyesha feldispa iliyofanya ukuta uwe pinki. Mkishuka kituo cha treni kilicho karibu, mwangalie pia jukwaani: ukingo wa jukwaa la Metro ni graniti, na atautazama treni ikija. Mshike koti.

Mkishapanda treni, teremkeni kwenye uwanja mkubwa wa Washington. Mnara mweupe wa Washington umebadilika rangi kwenye zaidi kidogo ya robo kutoka chini, na kila mtu hudhani ni uchafu. Ujenzi ulisimama mwaka 1854 fedha zilipokwisha, ukaendelea 1879, na marumaru ya awamu ya pili haikutoka kwenye machimbo yaleyale. Jengo la kale la Smithsonian, lenye minara kama ngome, ni jiwe mchanga jekundu la Seneca, Maryland. Na ndani ya Bunge, katika ukumbi wa sanamu, mna nguzo za jiwe la madoadoa lililotoka bonde la Potomac, lililopendwa na msanifu Benjamin Latrobe: vipande vya mawe ya rangi zote vilivyoshikamanishwa na asili kuwa kitu kimoja. Wapo wanaoingia Bungeni kwa ajili ya nguzo hizo tu na kutoka bila kujua nani alikuwa akihutubia.

Makumbusho ya Historia ya Asili hayana kiingilio. Hapo mko wawili wenye mapenzi tofauti, kwa hiyo kubalianeni mapema. Umati utakuwa umeizunguka almasi ya Hope, karati 45.52, ambayo sonara Harry Winston aliituma mwaka 1958 kwa posta ya kawaida iliyosajiliwa. Mwanajiolojia atakuvuta mkono kwenda kwenye mawe yasiyo na watu. Nenda naye, ila baadaye mrudishe kwenye vito ili umwonyeshe tanzanite. Makumbusho haya yana iliyokatwa ya karati 122.7. Jiwe hilo lilijulikana mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, chini ya Kilimanjaro, kampuni ya Tiffany ikalipa jina la Tanzania mwaka uliofuata, na mpaka leo hakuna mahali pengine duniani linapochimbwa. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali vipande viwili, kimoja cha kilo 9.27 na kingine cha kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na zaidi. Simulia hayo ukiwa umesimama mbele ya kabati. Ni haki yako kusimulia kwa mbwembwe.

Sasa suala la kulamba. Utaliona, na ni vyema ujiandae. Mwanajiolojia akishika jiwe kavu lililofifia atalilamba. Sababu ni ya macho kuliko ya ulimi: uso uliolowa huonyesha chembe na rangi ambazo ukavu umezificha. Sababu ya ulimi pia ipo, kwa sababu chumvi ya mawe hutambulika kwa ladha. Mwaka 2023 Jan Zalasiewicz wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa andiko lake linaloeleza kwa nini wanasayansi wengi hupenda kulamba mawe. Sisi hatuna haja ya kushangaa sana. Magadi ya ziwa Magadi tunayatia kwenye maharage, na udongo wa kula unauzwa sokoni kwa mafungu, wajawazito wakiuchagua kwa utaalamu ambao chuo chochote kingeuonea fahari. Lakini usilambe kila kitu. Jiwe zito lenye mng'ao wa kijivu cha chuma linaweza kuwa la risasi, na madini mengine yana aseniki. Tumia maji ya chupa mpaka utakapofundishwa.

Vifaa unavyohitaji ni vichache. Nunua kioo cha kukuza mara 10, ukifunge kwa kamba. Namna ya kukitumia: kiweke karibu kabisa na jicho, kisha lisogeze jiwe likufuate, si kinyume chake. Chukua msumari na kipande cha chupa kwa kupimia ugumu, kwa kipimo alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812: ulanga mlaini wa kujipodoa ni 1, ukucha wako ni 2 na nusu, kioo 5 na nusu, kwatzi 7, almasi 10. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka nalo ni laini, ndiyo maana wachongaji wake huwa wanalimudu kwa kisu. Beba kichupa cha siki. Idondoshe juu ya jiwe, likitoa povu basi lina chokaa ndani, na ukifanya hivyo juu ya kipande cha matumbawe cha Unguja au Lamu mbele ya Wamarekani utapata makofi. Na usisahau sarafu. Kila picha ya jiwe huwekwa kitu cha kuonyesha ukubwa, na hapa wote huweka nyundo au sarafu ya Kimarekani. Weka shilingi. Ujue pia kwamba mwanajiolojia akikuomba usimame kando ya mwamba akupige picha, picha ni ya mwamba, wewe ni kipimo. Simama wima, useme urefu wako.

Juu ya safari za gari nina agizo moja tu ninalolisisitiza: asiendeshe yeye. Barabara zilizokata milima huwaonyesha wanajiolojia matumbo ya dunia, nao hutazama pembeni. Mkienda Sideling Hill, Maryland, ambako katika miaka ya 1980 barabara ilipasua mlima kwa kina cha zaidi ya mita 100 na kuacha matabaka yamepinda mithili ya mkeka unaobebwa na watu wawili, shika usukani wewe kutoka Alexandria hadi huko. Great Falls ni karibu zaidi. Maporomoko hayo ya Potomac yanapita katikati ya shisti na miamba mingine geu iliyokuwa tope na mchanga wa sakafu ya bahari zaidi ya nusu ya miaka bilioni iliyopita, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini bandari ya Alexandria iko ilipo: chini ya miamba hiyo mto ni mpana na mtulivu kwa meli, juu yake hakuna meli inayopita. Usishuke majini. Mto ule unaua watu. Wala usiokote jiwe, kwa sababu katika hifadhi za taifa ni kosa, na mwenzako, aliye na gereji iliyojaa mawe, atakuwa mkali juu ya hili kuliko askari.

Zamu ya mwisho ni yako. Jioni moja, watakapokuwa wamekuzunguka, watakugeuzia swali: jiwe lako ni lipi? Usiseme hujui mambo ya mawe. Umelelewa juu yake. Ukitokea Mwanza, una miamba ya graniti iliyopangana ziwani yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, mizee mara ishirini kuliko udongo wa Alexandria. Ukitokea Kisumu, una miamba ya Kit Mikayi. Ukitokea Mombasa, una Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593 kwa jiwe la matumbawe na kukalia matumbawe. Ukitokea Manyara au Arusha, kuna majivu ya volkano ya Laetoli, ambayo mvua iliyalowesha na zamadamu wakapita juu yake kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita, nyayo ambazo timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978. Na kama ni mafiga ya bibi yako yaliyostahimili moto miaka yote bila kupasuka, taja hayo, kwa sababu swali la kwanza watakalouliza ni zuri: ni mwamba gani huo usiopasuka?

Ukirudi nyumbani likizo, waletee kipande. Kioshe kwa brashi mpaka kisiwe na udongo hata chembe, kwa kuwa udongo hauruhusiwi kuingia Marekani bila kibali, kisha kitangaze uwanja wa ndege. Tanzanite ghafi usiiguse, ina sheria zake kali. Chagua jiwe la njiani kwenu, la ukubwa wa yai, lililovunjwa upya upande mmoja ili chembe zionekane. Na kabla hujalifunga kwenye gazeti, bandika karatasi uandike kijiji, kijito au barabara, tarehe, na jina la aliyelipata. Mwanajiolojia akipokea jiwe zuri lisilo na karatasi husikitika mbele yako. Akilipokea na karatasi, andaa muda wa kutosha, maana kabla ya chai kupoa atakuwa ameleta ramani akitaka umwonyeshe, kwa kidole, ulisimama wapi.